Deni la Gereji kwa Jiko: Tarikhi Fupi ya Kutoa Kutu katika Mji wa Arusha

Chini ya meza ya fundi wa magari katika mtaa wa Unga Limited, pale Arusha, aghalabu hapakosi kopo la plastiki lililokatwa shingo, na ndani yake, katika maji yaliyogeuka rangi ya chai, zimezama nati na bolti ambazo jana zilikuwa nyekundu kwa kutu na kesho zitarudi katika gari zikiwa na sura ya kijivu ya chuma kitupu. Mpita njia atadhani ni takataka iliyosahauliwa, na tajiri aliyezoea kununua kila kitu kipya atacheka; lakini mtu mwenye haja ya kuijua tarikhi ya gari katika mji huu hana budi ainame alitazame kopo lile kwa makini, maana yaliyomo ndani yake hayakutoka katika duka la vipuri wala hayakufundishwa katika chuo cha ufundi, bali yalitoka jikoni: ndimu, siki, ukwaju na magadi.

Ada ya wanaosimulia habari za magari katika nchi zetu ni kuzitaja barabara, na reli, na makampuni yaliyoleta mashine kutoka ng'ambo, kana kwamba gari likishafika basi hadithi yake imekwisha. Lakini kufika ni jambo la siku moja, na kudumu ni jambo la miaka. Na gari lililodumu miaka hamsini katika mvua na vumbi la mlima Meru halikudumishwa na yule aliyeliuza. Insha hii yataka kudai jambo dogo ambalo halijasemwa vya kutosha: kwamba fundi wa Arusha, katika vita vyake na kutu, ni mwanafunzi wa mama yake kabla hajawa mwanafunzi wa mtu mwingine yeyote.

Tuanze na adui mwenyewe. Kutu haitoki nje ikakivamia chuma kama mwizi avunjaye mlango; ni chuma chenyewe kikiungana na hewa kwa usaidizi wa maji, na likikosekana moja kati ya hayo mawili, kutu haiwi. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakizungumza habari za bolti, lakini lau wangaliziona wasingalihitaji kubadili neno hata moja. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma iliyokila, nati iliyoingia kwa vidole siku ya kufungwa hubanwa na kutu yake yenyewe hata isifunguke kwa nguvu za watu wawili, na atakayeishurutisha kwa spana ndefu ataikata shingo bolti, abaki na kipande mkononi na kipande ndani ya gari.

Ajabu ya nchi ya Arusha ni kwamba kitu hiki tunachokichukia juu ya chuma tunakikanyaga kila siku pasi na kinyongo. Wekundu wa udongo wetu asili yake ni chuma kilichoungana na hewa tangu zama za kale. Na ile ngeu nyekundu ambayo morani wa Kimaasai na wa Kiarusha huichanganya na mafuta wakajipaka kichwani na mabegani siku ya fahari yao, nayo ni jamaa wa karibu kabisa wa kutu. Kwa hiyo kitu kimoja chaweza kuwa pambo kwa mtu na maradhi kwa gari, na tofauti ni mahali kilipowekwa.

Watu wa pande hizi hawakungoja gari ndipo waijue kutu. Katika milima ya Upare, ukoo wa Washana wa Ugweno ulisifika kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua, na chuma chao kilivuka bonde hadi kwa Wachaga wa Kilimanjaro. Na baina ya Wamaasai walikuwapo wahunzi wao, Ilkunono, ambao watu waliwatenga katika ndoa na ujirani ilhali hakuna aliyeweza kwenda vitani bila mkuki uliotoka katika mikono yao. Mkuki na simi vilikuwa mali ya thamani, na vilihifadhiwa kwa kupakwa mafuta ya mnyama na kuwekwa mahali pakavu. Kanuni hiyo ndiyo kanuni ya grisi hata leo: fungia nje maji na hewa, na chuma kitakaa.

Lakini kuhifadhi ni elimu moja, na kuondoa uchafu uliokwisha kuingia ni elimu nyingine, na hii ya pili ilikuwa na madarasa yake pwani. Katika nyumba za Waswahili, tangu Lamu hata Kilwa, sinia na birika za shaba zilisuguliwa kwa ndimu, au kwa ukwaju uliorojwa, pamoja na majivu au mchanga laini, mpaka zikang'aa kama zilizotoka kwa sonara siku ile. Misafara ya biashara iliyotoka Pangani na kupita Kilimanjaro na Meru kuelekea Umaasaini haikubeba nguo na shanga peke yake. Ilibeba pia mapishi, maneno, na desturi za nyumba. Bila shaka hakuna aliyeandika daftarini kwamba leo tumefundisha kusugua chombo kwa kitu kichachu, maana mambo ya jikoni hayaandikwi. Lakini neno ndimu na neno ukwaju tunalo sote, na pamoja na neno huja matumizi.

Gari lenyewe lilikuja kwa kishindo. Mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akikusudia kulikata bara la Afrika hadi pwani ya magharibi, naye akafika Swakopmund mwaka 1909, safari ya karibu miaka miwili ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ni kungoja vipuri na kutengeneza. Hivyo gari la kwanza kuvuka bara letu lilitutangulizia habari ya yale ambayo yangetupata. Arusha wakati huo ilikuwa kijiji kilichozunguka boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne. Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji huo, na malori yao, yalipojaribu kuendelea kusini kuelekea Kondoa Irangi, yalikutana na masika, yakazama katika tope. Ikawa gari linasukumwa na watu ambao lilikusudiwa kuwabeba. Baada ya vita barabara ikawa bora kidogo kidogo, reli ikafika kutoka Moshi mwaka 1929, na ile Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka Nairobi ikapita Arusha na Dodoma na Iringa hata Rhodesia ya Kaskazini, ikaufanya mji wetu kuwa kituo cha msafiri, na kila mahali apumzikapo msafiri hapakosi mtu wa kutengeneza chombo chake.

Mafundi wa kwanza mashuhuri walikuwa Makalasinga, ambao ufundi wao wa chuma na mbao ulijulikana Afrika Mashariki nzima tangu siku za reli ya Uganda. Kijana Mwafrika aliingia katika karakana zao kwa mlango wa chini kabisa: alifagia, alibeba spana, aliosha vyuma. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kuosha vyuma kulihesabiwa kuwa kazi duni, kazi ya mtoto, kama vile kuosha masufuria kunavyohesabiwa nyumbani. Lakini ndiyo kazi iliyompa yule kijana wasaa wa kukishika kila kipande cha gari kwa mkono wake mwenyewe, na kujua kipi kimeliwa na kipi kimechafuka tu. Elimu hiyo hakuipata kwa kuambiwa. Na mkono ulioosha ngoma ya breki mchana ndio mkono uliokwisha kusugua sufuria asubuhi, kwa majivu ya mafiga.

Mwaka 1948 Uingereza ilitoa gari ambalo likaja kuwa kama mzaliwa wa Arusha, nalo ni Land Rover. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ikafanywa kwa alumini iliyochanganywa, ambayo haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi ilibaki ya chuma, na pale chuma na alumini vinapogusana penye unyevu, kimoja humla mwenzake. Basi likawa gari lenye uso wa kijana na mifupa ya mzee. Wenye mashamba ya kahawa walilitumia, wawindaji walilitumia, maofisa walilitumia. Na magari ya kila namna yalitimua vumbi la Momella wakati ilipopigwa filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Wote hao walipomaliza mambo yao, magari yalibaki, na kutu ikabaki nayo.

Na kutu ya Meru haigawanywi sawasawa. Mlima ule, wenye urefu wa mita 4,566, huzikinga mvua: upande wa kusini na mashariki, kuanzia Tengeru na Usa River hadi mjini, ni migomba, kahawa na matope, ilhali upande wa kaskazini na magharibi, kuelekea Oldonyo Sambu, ni ukavu na vumbi. Gari lililozeeka upande wa migomba utalijua kwa kupiga magoti ukaitazama sakafu yake. Walakini ukavu nao una hila zake, maana gari liendalo Ziwa Natron au kushuka ndani ya kreta ya Ngorongoro hurudi na tope la chumvichumvi limeganda katika maficho ya chesisi, nalo hunyonya unyevu wa usiku na kuutunza mahali ambapo jua halifiki. Ndiyo sababu fundi mwenye hadhari huosha gari kwa chini kabla ya kuliosha kwa juu.

Yote haya yangalikuwa mambo madogo lau vipuri vingekuwa sahali kupatikana, na kwa muda mrefu vilikuwa hivyo. Nairobi ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, na tangu mwaka 1967, Arusha ilipofanywa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, barabara ya Namanga ilipitisha bidhaa na watu kama mlango wa sebuleni. Mwaka 1977 mlango huo ulifungwa. Jumuiya ilivunjika, mpaka baina ya Kenya na Tanzania ukafungwa mwezi wa Februari, na magari ya watalii ya kampuni za Kenya yaliyokutwa upande wetu yakazuiliwa. Mwaka uliofuata ikaja vita na Idi Amin, na malori ya raia yakachukuliwa kwenda Kagera. Bei ya mafuta ikapanda duniani. Magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mji uliokuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre, uliofahamu kulitengenezea gari viatu vyake, ulikosa bolti ya kuvifungia viatu hivyo.

Dhiki ya miaka ile haikuchagua. Sabuni iliadimika sawa na nati, na sukari iliadimika sawa na beringi. Wanawake walirudi kufulia kwa majani ya mpapai na kuoshea vyombo kwa majivu, na hakuna aliyeona aibu kwa sababu jirani naye alifanya vivyo hivyo. Ni katika hali hiyo, nadhani, ndipo jiko na gereji vilipokutana uso kwa uso. Fundi aliyezoea kukitupa kipande chenye kutu na kuagiza kingine alitanabahi kwamba hakuna kingine. Na akitazama kushoto na kulia kutafuta dawa, vitu vilivyokuwapo karibu yake vilikuwa vile vya mama: mafiga yenye majivu, ndimu za sokoni, pombe ya ndizi iliyochacha hata ikawa siki, na donge la magadi lililofungwa katika kipande cha gazeti kwa ajili ya makande.

Kila kimoja katika hivyo kina tabia yake, na ustadi ni kutovichanganya. Majivu hayayeyushi kutu, ingawa wengi hudhani hivyo. Kazi yake ni kukata mafuta na kukwangua polepole, nayo hutangulia, maana grisi iliyobaki juu ya chuma huizuia dawa isifike. Uchachu ndio uyeyushao: ndimu kwa asidi yake ya sitriki, ukwaju kwa ya tartariki, siki kwa ya asetiki, ambayo ile ya dukani huwa nayo takriban asilimia tano, na soda nyeusi ya chupa, iliyokuja kutumiwa kwa kazi hiyo hiyo, hutegemea asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu kuwa ngozi nyeusi iliyoshikamana na chuma. Bolti hulazwa humo usiku mmoja, au siku mbili ikiwa kutu ni ya miaka mingi, kisha husuguliwa kwa brashi ya waya.

Ila mwenye pupa hapa huharibu. Asidi ikimaliza kula kutu haijui kwamba imeshiba. Huanza kula chuma chenyewe, na springi ya chuma kigumu ikiachwa humo muda mrefu hupata udhaifu usioonekana kwa jicho, ikaja kukatika njiani. Maji ya betri, ambayo vijana wenye haraka huyapenda, yana ukali usio na huruma kwa chuma wala kwa mkono wa mtu. Na hata aliyetumia ndimu kwa kiasi, akikitoa chuma chake akakiacha kikauke vivi hivi juu ya meza, atakikuta saa moja baadaye kimevaa kutu mpya ya rangi ya chungwa, changa na jeuri. Basi lazima uchachu ule uuawe kwanza, na muuaji wake ni magadi.

Magadi ya Arusha yana nasaba kubwa. Kaskazini mwa mkoa unasimama Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamaasai, na hakuna volkano nyingine hai duniani ijulikanayo kutoa lava ya magadi kama huo; chini yake Ziwa Natron limetandazwa, likikauka kingoni na kuacha maganda meupe na mekundu. Kutoka huko na maziwa mfano wa huko hutoka madonge yanayouzwa sokoni, na mwanamke huyatia kidogo katika maharage na mahindi magumu ili yalainike na kuni zisimalizike. Fundi huyatia katika maji ya kusuuzia, uchachu ukafa, kisha hukausha chuma juani na kukipaka oili papo hapo. Siku hizi wapo wanaoyatumia kwa namna ya pili iliyo ya ajabu zaidi: kijiko cha magadi katika kila lita ya maji ndani ya ndoo ya plastiki, chuma chenye kutu kikaunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri, na kipande cha chuma chakavu kikaunganishwa na upande chanya, pasipo kugusana; umeme ukipita, kutu hulegea na kuachia, na kile chakavu kikaliwa kwa niaba ya mwenziwe. Mapovu yapandayo ni gesi iwakayo, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, mbali na moto. Na chuma cha pua hakitumiwi kuwa kafara, kwa kuwa hutoa sumu majini.

Na hapa jiko lilikuwa na onyo ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha gari. Kila mpishi ajua kwamba magadi yakichemshwa katika sufuria ya alumini, sufuria hugeuka nyeusi. Chombo cha kupikia chakula cha magadi ni chungu. Aliyekua akiliona jambo hilo hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini kabureta, au kipande cha bodi ya Land Rover, hakitumbukizwi katika maji ya magadi: alumini huliwa na kile kile kinachokisafisha chuma.

Mpaka ulifunguliwa tena mwezi wa Novemba 1983, na mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, na vipuri vyake, kwa wingi ambao vijana wa leo hudhani ulikuwapo siku zote. Kipya kinyemi ingawa kidonda: maduka yalijaa bolti zinazong'aa, nyingine laini kama risasi, zikakatika katika safari ya kwanza ya Serengeti. Hapo baadhi ya wazee wa gereji wakawaambia wateja wao warudishe zile za zamani zilizotupwa, kwamba chuma chake kilikuwa chuma. Na Oktoba 2024, mamia ya Land Rover yalipokusanyika Arusha kwa tamasha lao, mengine yakiwa na umri wa kuwashinda waliokuwa wakiyaendesha, umati ulisifu rangi na ngurumo. Sijui ni wangapi walioinama kutazama zile bolti za chini.

Zile bolti ndizo shahidi. Nyingi zimekwisha kuingia katika kopo na kutoka, mara mbili au tatu katika maisha yake, nazo huendelea kushika. Jioni, fundi akimaliza, huzipanga juu ya gunia lenye oili, kisha hulichukua kopo lake na kuyamwaga nyuma ya banda yale maji mekundu, juu ya udongo ambao nao ni mwekundu. Na asubuhi hakuna awezaye kuonyesha palipomwagwa.